Masijala ya Kumbukumbu: Namna Ubongo wa Mzee Unavyotafuta Mambo ya Zamani

Kijiji cha Kalenga kimo mwendo wa kilometa 15 hivi kutoka mjini Iringa. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, ambayo majeshi ya Wajerumani yaliiteka tarehe 30 Oktoba, 1894. Hapo pia ndipo lilipo jengo la makumbusho ambamo limehifadhiwa fuvu linalotambuliwa kuwa la kiongozi huyo, aliyejiua tarehe 19 Julai, 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu hilo lilipelekwa Ujerumani. Likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Na hatimaye, tarehe 19 Juni, 1954, Gavana Edward Twining alilirejesha Kalenga na kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku hiyo alizaliwa mwaka 1938 au 1939. Chukua mfano wa bibi mmoja wa rika hilo, ambaye si mtu halisi bali ni kielelezo cha wengi. Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, amepewa kazi ya somo la historia. Anakaa mbele ya bibi na daftari lake na kumwuliza habari za vita vya Lugalo. Bibi anajibu pasipo kusita: Wahehe waliwavizia Wajerumani njiani, wakamwua kamanda wao, Zelewski, aliyeitwa Nyundo. Ndivyo ilivyokuwa, tarehe 17 Agosti, 1891.

Kisha mjukuu anauliza jambo la pili: "Na siku fuvu lilipoletwa, bibi, ulisimama wapi? Ulikuwa na nani?" Sasa bibi anasita. "Nilikuwa na yule, yule nanii. Jina limenitoka, mjukuu wangu." Baada ya hapo anaeleza jinsi watu walivyovaa zamani zile, na jinsi machifu walivyoheshimiwa, lakini siku yenyewe haielezi. Mjukuu anafunga daftari na kuwaambia wenzake kwamba bibi amezeeka, hakumbuki tena.

Siku tatu baadaye bibi anapukuchua mahindi. Jirani anapita akiimba wimbo wa zamani, na mara jina linakuja, na pamoja na jina linakuja jua la siku ile, vumbi la njiani na sauti za watu. Kumbe jambo halikuwa limepotea. Lilikuwapo, ila siku ile halikupatikana.

Kwa nini jambo la mwaka 1891, ambalo bibi hakulishuhudia, lilikuja kwa urahisi, na jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe likakataa kuja? Na kwa nini lilikuja baadaye bila kuitwa? Maswali haya yamewashughulisha wataalamu wa ubongo kwa miaka mingi, na majibu yao yana maana kubwa kwa kila nyumba yenye mzee.

AINA MBILI ZA KUMBUKUMBU

Mwaka 1972 Endel Tulving, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi nchini Kanada, alipendekeza kutofautisha kumbukumbu za aina mbili. Aina ya kwanza ni kumbukumbu ya maarifa: maana za maneno, majina ya miji, habari za historia, na mambo mengine ambayo mtu anayajua bila kukumbuka siku aliyojifunza. Aina ya pili ni kumbukumbu ya matukio: jambo lililompata mtu mwenyewe, mahali fulani, siku fulani, ambalo akilikumbuka ni kana kwamba anarudi pale pale kulishuhudia upya.

Kwa bibi wa Kalenga, vita vya Lugalo ni maarifa. Alisimuliwa na wakubwa wake, naye amewasimulia wadogo mara nyingi. Siku ya mwaka 1954 ni tukio. Uchunguzi umeonyesha kuwa maarifa hustahimili sana uzee. Msamiati wa mtu mwenye afya huweza kuendelea kukua hata baada ya umri wa miaka 60. Kumbukumbu ya matukio ndiyo inayoanza kudhoofika mapema.

Kwamba aina hizi hutegemea sehemu mbalimbali za ubongo kulidhihirishwa na maradhi ya Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953 daktari William Scoville alimpasua ili kumtibu kifafa, akaondoa sehemu za ndani za ubongo karibu na masikio, pande zote mbili. Miongoni mwake ilikuwamo sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Mwaka 1957 Scoville na Brenda Milner walieleza habari zake: alizungumza vizuri, akili yake ilikuwa timamu, maarifa ya zamani alikuwa nayo, lakini mtu aliyezungumza naye akatoka na kurudi baada ya dakika chache alikuwa mgeni kwake. Hali hiyo iliendelea hadi alipofariki mwaka 2008.

KARANI, MKUU WA OFISI NA CHUMBA CHA KUSOMEA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 na seli za neva zipatazo bilioni 86. Ingawa ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Ndani yake tukio moja halihifadhiwi mahali pamoja. Mambo yaliyoonwa huachwa zaidi katika sehemu za nyuma za ubongo. Yaliyosikiwa, katika sehemu za pembeni. Mwendo wa mwili na hisia, kwingineko. Kukumbuka ni kuvikusanya tena vipande hivyo vilivyotawanyika.

Kazi hiyo inaweza kulinganishwa na kazi ya masijala ya serikali. Hipokampasi ni karani wa masijala. Majalada yenyewe hayamo mezani pake, lakini yeye ndiye mwenye daftari linaloonyesha jalada gani limo katika kabati gani. Akipewa dokezo dogo, kama harufu, wimbo au sura, huweza kuvifuata vipande vyote vilivyofungwa pamoja siku ile na kuvirudisha.

Karani hafanyi kazi peke yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ni mkuu wa ofisi. Ndiyo inayoamua nini kitafutwe, inayokataza mambo yasiyohusika yasiingie, na inayokagua kama jalada lililoletwa ndilo lililoagizwa. Kisha upo mtandao wa sehemu zilizoko katikati na nyuma ya ubongo ambao mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake nchini Marekani waliueleza kuwa hufanya kazi zaidi mtu anapopumzika kuliko anaposhughulika na jambo la nje. Mtu aliyekaa kimya hana ubongo uliolala: aghalabu anawaza mambo yaliyompata au yatakayompata. Mtandao huo ndio chumba cha kusomea, ambamo jalada hufunguliwa na siku iliyopita ikaonekana tena.

Hivyo basi, ili bibi akumbuke siku ya tarehe 19 Juni, 1954, ni lazima karani, mkuu wa ofisi na chumba cha kusomea vishirikiane, tena kwa muda unaopimwa kwa sekunde. Jina likikwama, si lazima jalada liwe limeungua. Yawezekana ushirikiano ndio uliolegea.

UZEE UNABADILI NINI

Badiliko la kwanza ni la viungo vyenyewe. Katika uzee hipokampasi hupungua ukubwa, hata kwa watu wengi wasio na ugonjwa, kwa kiasi cha asilimia 1 hivi au zaidi kwa mwaka. Sehemu ya mbele ya ubongo nayo husinyaa. Si kwamba seli hufa kwa wingi, kama ilivyodhaniwa zamani. Mara nyingi zinazopungua ni matawi ya seli na maungio yanayoziunganisha.

Badiliko la pili ni la njia. Sehemu za ubongo zilizo mbalimbali huunganishwa na nyuzi ndefu zilizofunikwa kwa utando wa mafuta uitwao mailini, ambao huharakisha habari kama vile utando wa plastiki unavyohifadhi umeme katika waya. Uzeeni utando huo huchakaa, hasa katika nyuzi za sehemu ya mbele. Mwaka 2007 Jessica Andrews-Hanna na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa kwa wazee sehemu za mbele na za nyuma za mtandao ulioitwa hapa chumba cha kusomea hazifanyi kazi kwa umoja kama kwa vijana, hata pale ambapo hapakuwa na dalili za ugonjwa.

Badiliko la tatu ni la mipaka. Ubongo wa kijana hutenganisha shughuli zake: mtandao wa kuangalia mambo ya nje ukifanya kazi, ule wa kukumbuka hupunguza sauti. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha watu wa umri wa miaka 20 hadi 89, ulionyesha kuwa kadiri umri unavyoongezeka mitandao hiyo huchanganyika. Ofisi zilizokuwa na kuta sasa zina mapazia tu, na kelele za chumba kimoja husikika katika kingine. Ndiyo sababu mzee huona taabu kukumbuka jambo huku redio inalia, watoto wanacheza na mtu mwingine anamwuliza swali la pili kabla hajamaliza la kwanza.

Matokeo ya mabadiliko haya yamepimwa. Tangu mwaka 1966 Schonfield na Robertson walionyesha kuwa watu wanapotakiwa kuyataja maneno waliyojifunza bila msaada wowote, uwezo hupungua sana kadiri umri unavyozidi; lakini wakionyeshwa maneno na kuulizwa ni yapi waliyoyaona, tofauti ya wazee na vijana huwa ndogo. Kutaja bila msaada humtegemea sana mkuu wa ofisi, naye ndiye aliyechoka. Mwaka 2002 Brian Levine na wenzake mjini Toronto waliwataka vijana na wazee wasimulie mambo yaliyowapata. Vijana walitaja zaidi vipande vya tukio lenyewe: mahali, saa, maneno yaliyosemwa. Wazee walitaja vipande vichache vya namna hiyo, wakaongeza maelezo ya jumla. Ndivyo hasa alivyofanya bibi wa Kalenga aliposimulia mavazi ya zamani badala ya siku yenyewe. Hakuwa akikwepa swali. Ubongo wake ulitoa kile kilichokuwa karibu.

Lakini si kila badiliko ni hasara. Mwaka huo huo wa 2002 Roberto Cabeza na wenzake walilinganisha wazee waliofanya vizuri katika majaribio ya kumbukumbu na wale waliofanya vibaya. Wale dhaifu walitumia sehemu ya mbele ya ubongo upande mmoja, kama vijana. Wale hodari walitumia pande zote mbili. Watafiti hao walieleza kuwa ubongo wa wazee hodari ulikuwa umeita msaada wa upande wa pili, kama vile mtu aliyeelemewa na mzigo wa mkono mmoja anavyoongeza mkono wa pili.

MAMBO YA UJANA

Iko faida nyingine. Watu wazima wakiombwa kukumbuka mambo ya maisha yao, hutaja kwa wingi zaidi yale yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Wakati huo mambo mengi hufanyika kwa mara ya kwanza, na tangu hapo husimuliwa mara kwa mara. Bibi aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1954 yumo ndani ya kipindi hicho.

Historia ya Tanzania imekwisha kunufaika na jambo hili. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 kutoka kwa wazee, ambao baadhi yao walikuwa watoto au vijana vita vilipopiganwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 mwanaanthropolojia Alison Redmayne alikusanya habari za Wahehe, na mwaka 1968 akachapisha makala juu ya Mkwawa na vita vyake. Mengi ya yale yaliyoandikwa yasingalijulikana leo kama wazee wale wangeliachwa kwa kudhaniwa kuwa hawakumbuki tena.

USAHAULIFU WA KAWAIDA NA MARADHI

Hata hivyo, ni kosa pia kusema kwamba kila usahaulifu ni uzee tu. Uko ugonjwa wa kupoteza fahamu na kumbukumbu, uitwao demensia, na namna yake iliyo ya kawaida zaidi ni ile ambayo daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani aliielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Katika ugonjwa huo protini zisizotakiwa hujikusanya ndani na nje ya seli za neva, na uharibifu huanza mapema katika eneo la hipokampasi.

Kati ya mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Hesabu zilipolinganishwa kwa kipimo cha kimataifa cha umri, waliokuwa na demensia walikuwa asilimia 6.4. Idadi hii ina mafunzo mawili. Kwanza, ugonjwa upo vijijini Tanzania, wala si wa nchi za baridi peke yake. Pili, wazee walio wengi hawana ugonjwa huo. Kwa hiyo kusema kwamba uzee na kuchanganyikiwa ni kitu kimoja si kweli.

Watafiti hao walikabili tatizo jingine. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa Ulaya na Marekani kwa watu waliosoma shule, na mzee asiyejua kuandika angehesabiwa kuwa mgonjwa kwa kuwa tu hakushika kalamu. Kwa hiyo wakatunga kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika: mzee hukumbuka maneno kumi aliyosomewa, hutaja vitu vya aina moja kwa wingi awezavyo, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, na kujibu maswali mengine machache.

Tofauti ya usahaulifu wa kawaida na maradhi huonekana zaidi katika dokezo. Mzee mwenye afya akikwama, mwambie herufi ya kwanza ya jina au mtajie mahali, na mara nyingi atafika: jalada lilikuwapo. Mgonjwa wa Alzheimer hasaidiwi sana na dokezo kuhusu jambo la juzi, kwa sababu jalada lenyewe halikuandikwa. Huuliza swali lile lile baada ya dakika chache, hupotea katika njia aliyoizoea, hushindwa kazi alizokuwa akizifanya kila siku. Dalili hizi zinahitaji hospitali, tena mapema, kwa kuwa baadhi ya yanayofanana na demensia hutibika: huzuni kubwa ya moyo, upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingoni, au madhara ya dawa.

Huko Hai ilionekana pia kuwa watu wengi walidhani dalili hizo ni sehemu ya kawaida ya uzee, na hivyo hawakutafuta msaada. Pengine mambo huwa mabaya zaidi. Katika baadhi ya sehemu za Tanzania wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mama anayetangatanga usiku na kusema maneno yasiyoeleweka yamkini ni mgonjwa wa ubongo, naye anastahili kulindwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

NAMNA YA KUMWULIZA MZEE

Elimu hii ina matumizi ya kila siku. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kila kijiji huwa na baraza la ardhi, na mabarazani aghalabu wazee ndio mashahidi wa mipaka ya zamani. Mzee anayeulizwa ghafla mbele ya umati, akikatizwa na kuharakishwa, anapewa kazi ambayo ubongo wake unaiweza kwa taabu kuliko zote: kutaja bila msaada, katikati ya kelele. Mzee yule yule akipelekwa shambani, akasimama penye mti na kijito, huenda akakumbuka kila kitu.

Anayetaka kumwuliza mzee na atafute mahali patulivu. Aulize jambo moja kwa wakati, kisha angoje, kwa maana ukimya wa mzee mara nyingi ni muda wa karani kutafuta. Ampe dokezo la mahali, la kazi iliyokuwa ikifanyika au la wimbo. Akikwama leo, aulizwe tena kesho. Lakini asitiliwe maneno kinywani. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha kuwa kukumbuka si kutoa kitu kizima kabatini, bali ni kukijenga upya kila mara. Na anayejenga huweza kutumia tofali aliloazimwa na muulizaji. "Ulikuwa na nani?" ni swali. "Ulikuwa na shangazi, sivyo?" ni jibu lililovaa nguo za swali.

Kuhusu kuutunza ubongo wenyewe, matumaini yapo. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha jaribio la wazee 120 nchini Marekani: waliotembea kwa miguu kwa mpango maalumu kwa mwaka mmoja hipokampasi zao ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi, na wale waliofanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo zikapungua kwa asilimia 1.4. Mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria kuwa karibu nusu ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, uziwi, udhaifu wa macho, upweke na ukosefu wa elimu utotoni. Kumpima mzee shinikizo la damu, kumtafutia miwani, na kumkalisha katika mazungumzo badala ya kumwacha peke yake barazani ni kazi ambayo kila jamaa inaweza kuianza.

Mjukuu wa Kalenga, basi, hakukosea alipouliza. Alikosea alipofunga daftari. Watu walioiona siku ya tarehe 19 Juni, 1954 wanapungua kila mwaka, na wanayoyajua hayamo yote katika vitabu. Mwenye bibi wa rika hilo na arudi kwake na daftari lake, amkute penye mahindi yake, na amngoje.